Mtoto wa mpika mbege kaonja gezi, bia chachu ya Brussels: kata ngapi kati ya 5?

Niseme mapema tusipotezeane muda, mimi sio mtaalamu wa bia wala sijasomea popote, ila nimezaliwa kwenye nyumba ya kupika pombe. Mama yangu anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, Kibosho tangu sijaanza darasa la kwanza, ada yangu ya sekondari imetoka kwenye pipa, na huu mkono ulijua kukoroga kabla haujajua kuandika. Kwaiyo nikionja kitu kilichochacha siulizi kama ni kitamu, nauliza kimechacha vizuri au kimeharibika, maana hivyo ni vitu viwili tofauti na watu wengi wanavichanganya.

Sasa mwezi wa 11 nilienda Brussels kumsalimia dada yangu, wiki mbili, na kila aliyesikia naenda Ubelgiji ananiambia utakunywa bia mpaka uzikimbie. Mi hizi bia za krafti nilikuwa naziona kwa mbali tu, nilishawahi kuonjeshwa moja Masaki, chungu kama kwinini, nikasema ahsante nikarudi kwenye Kili yangu. Tena Kili ya moto. Najua mnacheka. Mhudumu akija anauliza "ya baridi au ya moto dada?" nikisema ya moto meza nzima inageuka kuniangalia kama bibi kizee, lakini mtu aliyelelewa na mbege hawezi kunywa kitu kilichoganda ulimi, utaonja nini sasa? Basi kule Brussels siku ya kwanza tu naona bia nzuri hazitoki kwenye friji la barafu, zinatoka stoo ya chini ya ardhi, za ubaridi wa kistaarabu, na wanaokunywa ni watu wazima wenye akili zao. Nilijisikia kama nimeshinda kesi.

Aliyenipeleka nilikotaka kuwasimulia ni jirani wa dada, mzee mmoja wa Bukavu, Kongo, anayekaa kule karibu na Matonge, mtaa wa Wakongo, miaka mingi, Kiswahili chake kile cha kwao Kivu na Kifaransa ndani yake. Aliposikia mama anapika pombe ya ndizi akasema basi wewe huwezi kuondoka hapa hujafika Cantillon.

Cantillon ni kiwanda kidogo cha bia, kiko Anderlecht, rue Gheude namba 56, ukishuka stesheni ya Midi unatembea kama dakika kumi. Usitegemee geti wala bango la kutisha. Mtaa wa kawaida tu na mlango ambao unaweza kuupita, na mi niliupita kweli, tukarudi. Kimeanza 1900 na mpaka leo ni cha ukoo uleule, mkwe wa familia Jean-Pierre Van Roy ndo alikigeuza kuwa na makumbusho mwaka 1978, wakati ambao watu walikuwa wanataka bia tamu tamu na hii ya kwao inakufa, sa hivi anayepika ni mwanae Jean.

Nikaingia. Jamani. Ile harufu.

Sijui niielezeje kwa mtu ambaye hajawahi kukaa kilabuni. Ni ile harufu ya kilabu cha mbege Jumapili asubuhi kabla watu hawajatoka kanisani, pombe ya jana imekauka kwenye mbao, ndani kuna unyevu, kuna kitu kama limao, kuna kitu kama zizi la mbuzi, kuna gunia la katani lililonyeshewa. Wenzetu wawili waliokuwa mbele yetu wakashika pua. Mi nilisimama pale mlangoni nimefumba macho nikamkumbuka mama mpaka mzee akaniuliza "Dada, uko muzima?"

Unalipa kiingilio pale mbele, unapewa kijitabu unazunguka mwenyewe, na mwisho unaonja, kuonja kumo ndani ya kiingilio. Mzee akanung'unika "miye nilizania tunaenda kunywa, kumbe tunaenda ku masomo". Ila msiruke hiyo sehemu ya kuzunguka, maana bila hiyo utakunywa utasema imeharibika.

Kwa kifupi, na nitajitahidi kufupisha japo hapa ndo penye utamu wote, bia yao ya msingi inaitwa lambiki. Kama theluthi moja ni ngano ambayo haijaota, iliyobaki ni kimea cha shayiri. Wanapika, wanachemsha masaa na masaa, kuna hopsi inaingia, yale maua machungu ya kutia kwenye bia, halafu hapo kwenye kupoza ndo wanaachana na dunia nzima. Viwanda vya kawaida vinapoza haraka na kutia hamira ya maabara. Hawa hawatii hamira. Wanaupandisha ule uji darini kwenye chombo cha shaba kipana hivi, kina kifupi, fikiria sinia la pilau la harusi ila la kubeba lita kama 7,500, wanaliacha wazi usiku kucha na upepo unapita kwenye mbao za ukutani, hamira ya hewani na vijidudu vingine vinajishukia vyenyewe. Asubuhi inaenda kwenye mapipa ya mbao, na ndani ya zile mbao kuna wakazi wengine wanasubiri. Ndo maana wanapika msimu wa baridi tu, kuanzia mwisho wa mwezi wa 10 mpaka mwanzoni mwa mwezi wa 4, joto likija hewani kuna wadudu wa kuharibu wengi kuliko wa kujenga.

Nilivyosoma hapo nikacheka kwa sauti. Mama ana sheria moja ambayo ukiivunja unakula kofi: pipa la ndizi HALIOSHWI na sabuni. Maji tu. Tulikuwa tunadhani ni ubahili wa sabuni. Na ndizi zikishachemshwa mpaka ziwe nyekundu zinaachwa siku kadhaa, hakuna hamira yoyote ya dukani, zinachacha zenyewe, halafu ndo zinachujwa na kuchanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa. Kwaiyo kumbe sinia la darini na pipa la mama ni ndugu, tofauti ni kwamba la kule lina kijitabu cha maelezo kwa lugha kadhaa.

Kingine, utando wa buibui. Umejaa. Juu ya mapipa, kwenye madirisha, na hawautoi kwa makusudi kabisa, maana matunda yakiingia inzi wanakuja na buibui ndo askari. Mama angeingia pale angeomba ufagio kabla ya salamu.

Haya, kwenye glasi sasa. Natoa alama kwa kata, kata 5 ndo juu, na kata ninayosema ni ya kibuyu sio kikombe cha plastiki.

Ya kwanza walitupa lambiki tupu, inatoka kwenye jagi, haina gesi hata chembe, haina povu, imetulia kama maji ya kuoga. Hapa ndo wengi wanakata tamaa, kijana mmoja nyuma yetu aliinusa akairudisha mezani taratibu kama anarudisha mtoto wa watu. Mi nikaivuta. Mdomoni inaanza na ugwadu wa limao, katikati kuna kitu cha maganda ya balungi, halafu inakauka ghafla kama umelamba ubuyu usio na sukari, yani mate yanakimbia yenyewe. Haikuchekei. Nikamwambia mzee hii ni pombe ya mtu anayejua anachofanya, haijaharibika hata kidogo, ugwadu umenyooka, hauna ile siki ya kukwaruza koo unayoipata kwenye mbege ya siku ya tatu. Kata 4. Ingekuwa ya moto kidogo zaidi ningeongeza nusu.

Ya pili ndo yenyewe. Kwenye chupa imeandikwa gueuze, wao wanatamka gezi, na mi naandika gezi maana kidole kimechoka na hizo herufi. Hiyo unaletewa chupa imelala kwenye kikapu, na haiinuliwi, yule dada wa kaunta aliifungua ikiwa imelalia ubavu vilevile, kwanza kifuniko cha bati kama cha soda, chini yake kumbe kuna kizibo tena, akakizungusha polepole kikatoka na mlio mdogo tu, pff, akamimina kikapu kikiinama naye kidogokidogo, mashapo yote yakabaki ubavuni. Nilitaka kumwambia dada na hayo ya chini tupe, kwetu hayo ndo yenye mali, nikaona aibu.

Rangi kama mafuta ya alizeti. Povu jeupe linapanda halafu linaondoka halijaaga. Pua: gunia lipo, zizi lipo kwa mbali, ila juu yake kuna tufaha, kuna ngozi mpya ya kiatu, kuna ua fulani sijui jina lake. Mdomoni gesi inachoma ncha ya ulimi, ugwadu unapita kama ukwaju uliochujwa mara mbili, na inavyoshuka inaacha kifua cheupe, sijui nisemeje, unapumua unahisi bado unakunywa. Kilevi ni asilimia 5 na kitu, yani unakaribiana na Safari tu, haikubebi.

Mzee wa Bukavu kanywa, kaweka glasi chini, kanyamaza. Kisha akasema, "Dada, hii ni kasiksi. Kasiksi yenye imevala kravati."

Sina cha kuongeza hapo. Kwa wasiojua kasiksi ni pombe yao ya ndizi kule Kivu, na mzee huyu sio mtu wa kusifia vitu.

Siri ya gezi ni kuchanganya. Wanachukua lambiki ya mwaka 1, ya miaka 2 na ya miaka 3 wanazipima kwa kuonja, ile changa bado ina sukari kwaiyo ikishafungiwa kwenye chupa inaendelea kuchacha na kuleta gesi, ile ya zamani ndo inaleta harufu na heshima. Nikawa nasoma hapo huku moyo unadunda kama nimefuma siri ya familia, maana mama naye pombe ya jana ikiwa imezidi ukali anaichanganya na ya leo, na hilo hatakiwi mteja yeyote kulijua, wakijua wanagomba kwamba wameuziwa makombo. Hawa wameliandika kwenye kijitabu na watu wanapanda ndege kuja kulisoma.

Ila sasa nitoe na lawama, hii sio tangazo. Gezi haina mwisho. Ugwadu ukipita hakuna kinachokamata nyuma ya ulimi. Kwetu kuna msesewe, lile ganda la mti, mama analipima kwa jicho, ukizidisha pombe hainyweki na ukipunguza watu wanasema umewapa juisi, ule uchungu ndo unafunga mlango mbege ikishapita. Hawa wana hopsi, na hopsi kazi yake ni uchungu, lakini wao wanaiweka stoo mpaka inazeeka, hata miaka 3, makusudi uchungu uishe ibaki ile nguvu ya kuzuia pombe isioze. Nimeelewa sababu, ila ulimi haukuelewa. Na ni nyepesi, haina kitu cha kutafuna, mtu aliyezoea punje za ulezi juu ya kata anahisi kuna kitu kasahauliwa. Kata 4 na nusu, na hiyo nusu iliyobaki ni ya msesewe, mniache.

Kriek tuliinunua glasi wenyewe. Ni lambiki iliyolazwa na cheri zile chachu, kama gramu 200 kwa kila lita, rangi yake nyekundu unaweza kuandikia barua. Nani amewahi kula zambarau mpaka ulimi ukakaza na meno yakawa ya zambarau, akanywa maji juu yake? Ndo hiyo. Haina sukari kabisa na hapo ndo pazuri, harufu inakudanganya kwamba inakuja tamu halafu haiji. Kata 4 na nusu pia, na nikiwa mkweli siku ya joto ningeichagua kuliko gezi. Ile ya rasberi, wanaiita Rosé de Gambrinus, inanukia kuliko zote, watu wa meza ya jirani waligeuka ilivyofunguliwa, ila mdomoni mi niliona manukato yamekuwa mengi kuliko pombe. Kata 3 na nusu. Mzee alitoa 5, tumekubaliana tusikubaliane.

Angalizo: usiende tumbo tupu. Kiungulia kipo, sitaki kudanganya, na mimi usiku ule nililala nimeketi. Kula mkate na jibini kwanza, au fanya kama mzee, alitoka na karanga zake mfukoni. Na angalia siku zao za kufungua kabla hujatoka nyumbani, sio kila siku.

Sasa kesho yake nikawa na kiburi, nikamwambia dada twende mjini nikuonyeshe kriek. Tukaingia baa moja pale karibu na uwanja mkubwa wa katikati ya mji, siitaji jina, zile za kupangwa meza nje na menyu ya picha. Nikaagiza kriek kama mwenyeji. Ikaja glasi ndogo, robo lita na povu lake, nikanywa: sharubati. Yani sharubati ya kumeza dawa nayo, sukari mpaka kwenye fizi, dada yangu akaipenda sana na hapo nikajua nimeshindwa hoja. Bili ilivyokuja nilihesabu kwa shilingi nikaacha kuhesabu. Baadae mzee ndo akanifundisha, kuna za kutiwa utamu na kuna za kweli, ukiwa dukani tafuta neno Oude kwenye chupa, Oude Geuze au Oude Kriek, hilo neno lina ulinzi wa kisheria Ulaya, wasiofuata njia ya zamani hawaruhusiwi kulibandika. Cantillon wao hawaliandiki kila mahali ila gezi na kriek zao hazitiwi utamu, usiogope. Kama unataka ya bei rahisi inayopatikana mpaka supamaketi tafuta Boon, Oude Geuze yao, inatoka Lembeek, asilimia 7, ni laini zaidi na haina zizi jingi, kwa anayeanza ningempa hiyo kwanza. Kata 4.

Nyingine nilizoonja nazipitia haraka maana sio zilizonileta hapa.

Orval, ya watawa, chupa imekaa kama kirungu, 6.2%. Hii ina uchungu! Uchungu wa kiungwana na kaugwadu ka mbali, na wanasema ikikaa miezi chupani inabadilika tabia kabisa, ikiwa changa hopsi inaongea, ikizeeka lile gunia linaanza kutokea. Nilikunywa changa na ya zamani pembeni kwa pembeni kwa yule mzee, ya zamani ndo yangu. Kata 4 na nusu na ukiniambia nichague moja ya kunywa kila Ijumaa maisha yangu yote, aisee ni hii.

Westmalle Tripel, watawa wengine, 9.5%. Nimeinusa nikashtuka: ndizi mbivu. Sio kwa kufikiria, ndizi kabisa, nikamuuliza mzee hawa wameweka ndizi? Hakuna ndizi hata moja, ni hamira yao tu ikifanya kazi inatoa harufu hiyo. Sisi tunavundika mikungu, tunamenya, tunachemsha kutwa nzima, wao wanaipata kwa hamira, haya. Tamu, nzito, inakupiga kisogoni bila taarifa, usinywe kama Castle Lite. Kata 4 lakini nusu glasi.

Na IPA, zile bia za krafti za hopsi nyingi kama ile ya Masaki, nilirudia moja ya kikopo kuwa mwadilifu, bado ni kwinini na maganda ya machungwa. Uchungu tu toka mwanzo mpaka mwisho, mtu amemwaga msesewe wote akasahau pombe. Kata 2. Wapenzi wa IPA tusameheane.

Kuhusu kule kunywea, kila bia ina glasi yake yenye jina lake, ukiagiza Orval hawakupi glasi ya mwingine hata ikiwa zimebaki mia. Mwanzoni niliona ni mbwembwe, kwetu unafutiwa mdomo wa chupa na tishu maisha yanaendelea. Ila kata nayo si ndo hivyohivyo, mbege kwenye glasi hainogi, unakosa ile harufu ya kibuyu inayokuja kabla ya pombe.

Nikanunua gezi 2 za kurudi nazo. Moja ilifika uwanja wa ndege wa KIA imevuja, kizibo kilisukumwa sijui na joto sijui na kurushwa, sanduku zima likawa kilabu, afisa alivyolifungua aliniangalia akalifunga. Nguo nimefua mara tatu. Nyingine ilikuwa nimeivisha soksi mbili na jinsi, ikafika salama, nikailaza chini ya kitanda cha mama wiki mbili itulie, ndo ushauri niliopewa, ikishatikiswa iache ipumzike.

Siku ya kuifungua mama alikuwa katoka kuchemsha ndizi. Nikaifungua kama nilivyoona, ubavuni, nikiwa na kikapu cha mayai badala ya kile chao. Nikataka kummiminia kwenye glasi akasema kwani kata zimeisha. Basi kwenye kata. Akamwaga tone chini kama anavyofanya siku zote, akanusa, akanusa tena, akavuta moja ndefu yenye mlio. Akaizungusha mdomoni hajameza, macho yako juu kwenye kenchi. Mi nimesimama pale kama nasubiri matokeo ya darasa la saba.

"Nani kapika?"

Ndo swali la kwanza la mbege kila mahali, ndipo nikajua kaipa heshima. Nikamwambia ni familia moja mama, baba na mwanae.

"Wanaume?"

"Wanaume mama."

"Mmh." Akavuta tena. "Haijaharibika. Imechacha vizuri, huyu mtu msafi. Ila uchungu umeenda wapi? Na ulezi hakuna." Nikamwambia ni ngano. "Ngano ya chapati?" Akacheka mpaka akaweka kata chini. Halafu akauliza imekaa siku ngapi. Nikasema miaka mama, iliyo ya zamani humo ndani ina miaka 3. Hapo akanyamaza. Mbege yake ikifika kesho kutwa haiuziki, anapiga hesabu kila asubuhi watu wangapi watakuja, kuna msiba, kuna mnada, apike pipa moja au mawili, akikosea hesabu ni hasara yake. Miaka mitatu pombe imekaa na haijaharibika, aliirudia kichwani naona kabisa anaipigia mahesabu.

Bei ndo iliharibu. Nikamwambia ni kama elfu 30 hivi kwa chupa. Lita moja kwake ni elfu moja na mia tano, kwaiyo akakokotoa haraka kuliko simu yangu: "Hiyo ni ndoo ya lita ishirini." Akachukua kizibo akaifunga chupa na kilichobaki akakiweka kabatini kwa ajili ya padre.

Yale mashapo ya chini hakuyatupa ila. Baada ya siku mbili padre alishapita, naona mama kaitikisa chupa na maji kidogo, kaenda nayo nyuma kwenye pipa la ndizi, kamimina yote, kafunika na majani ya mgomba kama hakuna kilichotokea. Nikamuuliza mama unafanya nini, akasema anataka kuona hiyo hamira ya Mbelgiji inajua kazi au inajua maringo. Mi nikawa na hamu kweli, siku zilivyotimia akachuja, akachanganya na uji wa ulezi na msesewe wake kama kawaida, na kesho yake asubuhi tukaonja wote wawili.

Mbege ileile. Hakuna zizi, hakuna gunia, hakuna ngozi ya kiatu.

"Mvivu," mama akasema, "anataka miaka mitatu," akaenda kufungua mlango, wateja walishafika.